Biskuti za "bila sukari" zina wanga gramu 66. Hii lebo inasomwaje?

BintiMuheza

Habari zenu wakuu. Naomba wanaojua mambo ya lishe wanielekeze, maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Mama ana kisukari cha ukubwani, anatumia vidonge. Kliniki wamemwambia apunguze vitamu na vyenye mafuta mengi, na kwa kweli anajitahidi. Sasa shangazi karudi kutoka Muscat na katoni ya biskuti, zimetengenezwa Hispania, zimeandikwa mbele kwa Kiarabu na Kiingereza kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari. Tangu siku hiyo chai ya saa nne anashushia biskuti sita, ya jioni sita tena. Ukimgusa anakwambia "niacheni, hizi ndizo zetu wagonjwa". Kipimo cha asubuhi hakishuki, na tumbo linamjaa gesi mpaka anashindwa kukaa msikitini.

Jana nikageuza pakiti nyuma. Kwa gramu 100 wameandika hivi:

Nishati kilokalori 432
Mafuta 18 g, na chini yake mstari wa "saturates" 8.5 g
Wanga 66 g, na chini yake sukari 0.5 g, polioli 20 g
Nyuzinyuzi 5 g
Protini 7 g
Chumvi 0.8 g

Pembeni kuna safu nyingine yenye namba ndogondogo, juu yake imeandikwa biskuti 2, gramu 25.

Kama sukari ni nusu gramu, hiyo 66 imetoka wapi? Polioli ni kitu gani? Kaka yangu naye anasema mafuta 18 si kitu, kwa sababu chupa yetu ya mafuta ya kupikia imeandikwa 92 na bado imeandikwa haina lehemu, na hatujafa. Tusaidiane jamani.

Mkwezi_wa_Pangani

Dada, mahesabu yote hayo ya nini? Mpe mama dona na mchicha, biskuti wape wajukuu. Lebo ni ya mwenye kiwanda, anaandika anachotaka auze.

BwanaMizani

Mkwezi, ya dona na mchicha nakuunga mkono. Ya lebo sikubaliani nawe. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza kwenye maabara ya kiwanda cha unga na mafuta, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo, kutoa namba za kuandika nyuma ya mfuko. Huko nyuma ndiko nilikojifunza kupaamini. Mbele ya pakiti ni pa watu wa mauzo, nao hawakuwahi hata siku moja kuja maabara kutuuliza.

BintiMuheza, chukua kalamu tuikague kwanza lebo yako kama ni ya kweli. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Wanga 4, protini 4, nyuzinyuzi 2, na polioli Ulaya wanaihesabu 2.4. Sasa: mafuta 18 mara 9 ni 162. Kwenye wanga 66 toa polioli 20, zinabaki 46, mara 4 ni 184. Polioli 20 mara 2.4 ni 48. Protini 28. Nyuzinyuzi 10. Jumlisha: 432. Namba yao ni hiyohiyo. Huyo mwenye kiwanda hajadanganya popote. Hata neno "bila sukari" ni halali, kwa sababu nusu gramu kwa gramu 100 ndipo mpaka wa Ulaya ulipo.

Lakini mama anadhani ameambiwa kitu ambacho hakikuandikwa.

Watu wengi hawajui kwamba wanga kwa kawaida haupimwi. Sampuli ikifika maabara, sehemu yake inaingia kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito ugome kushuka. Kilichopotea ni maji. Sehemu nyingine inaingia kwenye tanuru la nyuzi 550, inaungua mpaka linabaki vumbi la kijivu jepesi, hayo ndiyo madini. Protini inakadiriwa kutokana na naitrojeni, kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg ya kule Copenhagen mwaka 1883. Ndiyo, Carlsberg ya bia.

Mafuta ndiyo niliyokuwa nayapenda kuyapima. Unasaga biskuti, unazitia kwenye kifuko cha karatasi nzito, unakipachika ndani ya kioo cha Soxhlet. Chini yake chupa yenye kiyeyushi inachemka taratibu. Mvuke unapanda, unakutana na baridi, unageuka matone, yanadondoka juu ya kifuko. Kioo kinajaa polepole, kiyeyushi kikifika ukingo wa bomba chote kinajivuta kurudi chini kwa mkupuo, kikiwa kimebeba mafuta, halafu kinaanza upya. Unakiacha hivyo kwa saa kadhaa. Mwisho unakifukuza kiyeyushi na kwenye sakafu ya chupa linabaki duara la mafuta ya manjano. Unapima chupa, unatoa uzito wake ilipokuwa tupu. Kwa hiyo gramu 18 zako ni mafuta ambayo unaweza kuyaona kwa macho na kuyashika.

Wanga sasa. Unachukua 100, unatoa maji, unatoa madini, unatoa protini, unatoa mafuta. Kilichobaki ndicho wanga. Kwa mtindo wa Ulaya nyuzinyuzi nazo hutolewa na kupewa mstari wake. Jumlisha ya kwako: 18, 66, 5 na 7 ni 96. Zile 4 ni maji na madini. Biskuti kavu, ndivyo inavyotakiwa iwe.

Ndiyo maana neno wanga ni kapu. Kila kisichokuwa na mahali pengine kimo humo: unga wa ngano, sukari ya mezani, sukari ya maziwa, na hizo polioli. Mstari wa sukari ulioandikwa chini yake unahusu sukari rahisi peke yake. Unga wa ngano haumo kwenye mstari huo. Mama akitafuna, unga unaanza kuvunjwa mdomoni, unamaliziwa utumboni, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ileile ambayo sukari ya kopo ingeingiza. Mwenye kisukari aanze na mstari mkubwa wa wanga, kisha ndio ashuke kuangalia umegawanyikaje.

Polioli yako ukisoma orodha ya viungo nadhani utaikuta imeandikwa maltitoli. Ni kitamu kinachotengenezwa viwandani kutokana na wanga. Hupandisha sukari ya damu kidogo kuliko sukari ya kawaida, lakini hupandisha. Sehemu isiyosharabiwa inashuka utumbo mpana, wadudu wa huko wanaichachusha, na hapo ndipo gesi ya mama inapotoka. Sheria ya Ulaya inataka chakula chenye polioli zaidi ya asilimia 10 kiwe na onyo kwamba ukizidisha kinaharisha. Hicho kina asilimia 20. Geuza pakiti, onyo lipo, ila utahitaji miwani.

Haya, biskuti sita. Mbili ni gramu 25, sita ni 75, kwa hiyo kila namba ya safu ya 100 izidishe kwa 0.75. Wanga usio polioli ni gramu 34.5, sawa na vipande viwili vya mkate mweupe. Polioli 15. Mafuta 13.5. Kilokalori 324. Kwa siku anafanya hivyo mara mbili. Ile safu ya pembeni, ya biskuti mbili, inapendwa na kiwanda kwa sababu namba zake zinaonekana maskini. Mimi siitumii kulinganisha pakiti na pakiti, natumia ya gramu 100. Naitumia kuhesabu nilichokula, tena baada ya kuuliza: nani anakula biskuti mbili?

Kaka naye mwambie hivi. Hakuna anayekunywa chupa ya mafuta na chai. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, mililita 15, kina gramu 14 hivi. Biskuti sita zina 13.5. Mama kila akinywa chai anameza kijiko kizima cha mafuta, na hakuna aliyekiona kikimiminwa.

Ile 92 isiwasumbue, ni mililita 100 za mafuta ambazo uzito wake ni gramu 92. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na humo hakuna kitu kingine zaidi ya mafuta. Na "haina lehemu" ni maneno ya mbele ya chupa. Lehemu inatoka kwa wanyama: nyama, mayai, maziwa, samli. Chupa yoyote ya mafuta ya mimea inaweza kuandikwa hivyo, iwe alizeti ya Singida au mawese kutoka Malaysia. Tofauti ya hizo chupa mbili iko kwenye mstari wa "saturates", yaani mafuta yanayoganda. Alizeti ina gramu 11 hivi kwa kila 100 za mafuta. Mawese karibu 50. Nazi inapita 80. Hayo ndiyo yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu, hata kama chupani hakuna lehemu hata chembe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kilokalori 2000 ni kama gramu 22. Biskuti kumi na mbili za mama zina karibu 13. Bado hajala wali wake.

Uingereza wana utaratibu wa rangi mbele ya pakiti, wa hiari. Mafuta yakizidi gramu 17.5 kwa 100 ni nyekundu, yanayoganda yakizidi 5 ni nyekundu, sukari ikiwa 5 kushuka chini ni kijani. Biskuti hii ingepata nyekundu mbili na kijani moja. Kijani hicho kimoja ndicho kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

NesiWaZamu

BwanaMizani shikamoo, umenipunguzia kazi. Naongeza ya upande wangu.

BintiMuheza, usimpunguzie wala kumwongezea mama dawa kwa sababu ya biskuti. Nenda na hiyo pakiti kliniki siku ya miadi, wengi hawaleti, wanatuambia tu "nakula biskuti za kisukari". Kipimo cha asubuhi kinachangiwa na mambo mengi, chakula cha usiku, dawa, hata usingizi. Kama mna mashine nyumbani, mpimeni kabla ya chai na saa mbili baada yake, siku ya biskuti na siku isiyo na biskuti, mwandike. Namba zake mwenyewe zitamshawishi kuliko ninyi.

La pili ni muhimu zaidi. Vidonge vingine, glibenklamidi kwa mfano, vinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Akianza kutetemeka, jasho jembamba, kuchanganyikiwa, msimkimbilie na hizo biskuti. Hapo anatakiwa apate sukari ya haraka, kama gramu 15: mililita 150 za soda ya kawaida, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Soda ya kawaida, isiyo ya "zero". Nimeshapokea mgonjwa aliyepewa "zero" kwa huruma.

MdigoUghaibuni

Niko Columbus, Ohio, na kwa kuwa ndugu zetu wengi wanatumiwa mizigo kutoka huku, niseme lebo ya Marekani inavyotofautiana.

Huku safu ya gramu 100 mara nyingi haipo. Kila kitu ni kwa kipimo kimoja, na kipimo anakiandika mwenye kiwanda kwa kufuata mwongozo wa serikali, mara ni kikombe, mara ni biskuti tatu. Kwa hiyo usichukue pakiti ya Marekani na ya Ulaya ukalinganisha mstari kwa mstari. Halafu wanga wa huku umejumuisha nyuzinyuzi ndani yake, lile alilosema mzee. Mtu anayehesabu wanga anatoa mwenyewe.

Zuri la huku ni mstari wa sukari iliyoongezwa, ulioletwa na mabadiliko yaliyotangazwa mwaka 2016. Maziwa ya mtindi yana sukari yake ya asili, mstari huo unakuonyesha waliyotia wao. Baya ni mafuta ya trans: yakiwa chini ya nusu gramu kwa kipimo, sheria inaruhusu kuandika sifuri. Zamani, ulipoona kwenye viungo mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha mafuta hayo, ulipaswa kuitilia shaka hiyo sifuri; sasa Marekani imeyapiga marufuku.

Mkwezi_wa_Pangani

Haya nimeelimika. Lakini mchicha hauna lebo na haujawahi kunijaza gesi.

BwanaMizani

Mkwezi, kula maharage halafu urudi hapa.

BintiMuheza

Asanteni sana, hasa mzee wetu Mizani, shikamoo. Onyo nimelikuta kweli, limebanwa chini ya tarehe ya kuisha. Mama nimemsomea hesabu ya kijiko cha mafuta, akanyamaza, halafu akauliza "na ya shangazi yenu nitaitupa?" Tumekubaliana biskuti mbili chai ya saa nne, jioni karanga au tunda, na pakiti inakwenda kliniki.

Kaka sasa kawa mkaguzi wa jikoni. Kaleta mfuko wa dona na wa sembe, anasema dona ina mafuta 4 na sembe 1.5, kwa hiyo sembe ndiyo salama. Wanga dona 73, sembe 78, anasema zote ni mbaya kuliko biskuti! Pia kuna kopo la siagi ya karanga, mafuta 50, kaliweka juu ya kabati. Na tui la boksi. Nimsaidieje?

BwanaMizani

Marahaba mwanangu. Kaka yako ningempata kiwandani ningemwajiri, ila ningeanza kumwonyesha maji.

Lebo ya unga ni ya unga mkavu. Hakuna anayeula hivyo. Unga gramu 100 ukisongwa unakunywa maji na kuwa bonge la karibu mara tatu ya uzito huo, kwa hiyo zile 73 zimetawanyika ndani ya bonge zima. Biskuti kwenye lebo ndiyo biskuti mdomoni, maji yake yamekwishafukuzwa kwenye oveni. Akitaka kulinganisha kwa haki, apime unga anaouweka sufuriani, agawe kwa wanaokula. Ataona pia kwamba sahani ya mama inaweza kuwa na wanga mwingi kuliko biskuti zote tunazozijadili. Hapo lebo haimwokoi mtu, ni ukubwa wa bonge.

Mafuta 4 ya dona ni ya kiini cha mahindi, na sehemu kubwa yake si yale yanayoganda. Sembe imekobolewa, kiini kimeondoka na mafuta yake, na nyuzinyuzi zimeondoka nazo. Ndiyo sababu dona haikai dukani muda mrefu, yale mafuta yanachacha na unga unakuwa mchungu. Amwangalizie mama mstari wa nyuzinyuzi kwenye mifuko yote miwili, jibu litakuwa hapo.

Siagi ya karanga ishushwe kabatini. Karanga yenyewe karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, hata bibi yako akiitwanga kwenye kinu itakuwa hivyo. Kwenye 50 hizo asome yanayoganda, kwa kawaida ni 7 hadi 10. Kisha aende kwenye orodha ya viungo, ambayo hupangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Kopo zuri limeandikwa karanga, chumvi, basi. Likiandikwa karanga, sukari, mafuta ya mawese, alirudishe dukani achukue jingine. Kijiko kimoja kwa mara moja lakini, kilokalori zake ni nyingi.

Tui la boksi hutofautiana sana, la zito lina mafuta 17 na zaidi kwa mililita 100, jepesi hata 6, na karibu yote ni yanayoganda. Sitamwambia mtu wa Muheza aache nazi, nitapigwa. Mama apikiwe wali wa nazi siku moja moja, tui la pili litangulie kwenye sufuria, la kwanza litiwe kidogo mwishoni. Na siku hiyo samaki asikaangwe, achomwe.

BintiMuheza

Kaka anauliza tui la kukamua nyumbani atalipimaje.

BwanaMizani

Mwambie aliweke frijini usiku kucha kwenye glasi. Asubuhi tabaka jeupe lililoganda juu, hilo ndilo lenye mafuta. Alipime kwa rula.